Mshahara Ni Kitu, Lakini Bosi Pia Ni Kitu

Wasee wa Garsen, Hola na Tana yote, leo tuongee kuhusu wahadhiri wetu. Tukiulizwa kwa nini masomo ya chuo yanayumba, jibu letu huwa moja tu: pesa. Na si uongo. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia 17 Septemba hadi 5 Novemba, siku 49 nzima, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017–2021. Hebu fikiria, deni la miaka hiyo yote! Mkono mtupu haulambwi.

Siku hizo 49 wengi wetu tulirudi nyumbani. Wengine walishika jembe huko mtoni, wengine wakaendesha boda. Kodi ya chumba kule chuoni haikugoma, iliendelea kudai kila mwezi.

Lakini kuna kitu niliona baada ya mgomo ambacho pesa peke yake haikielezi. Katika chuo changu, idara mbili zilikaa jengo moja. Wahadhiri wa pande zote mbili walikuwa wamegoma pamoja na wanadai deni lilelile. Idara ya kwanza, mkuu wake aliwaita walimu wake mapema, wakakubaliana nani atafidia kipindi gani, ratiba ikabandikwa mlangoni. Walifundisha hadi Jumamosi, na alama zikatoka.

Idara ya pili ilikuwa yangu. Mkuu alipanga kila kitu peke yake. Siku moja mhadhiri aliingia darasani, akatuuliza sisi wanafunzi mtihani wake ni lini. Jamani! Mtu mzima, msomi, anaona ratiba yake kwenye simu ya mwanafunzi. Alicheka, lakini nilimwona ameumia. Tangu siku hiyo alikuwa anasoma noti, anafunga kitabu, anaenda. Na mwisho wa muhula, alama za rafiki yangu mmoja zilipotea. Kila ofisi ilimtuma kwa ofisi nyingine, karibu akose mahafali.

Huyo mhadhiri hakukosa elimu. Alikosa kuheshimiwa kazini, na mtu asiyehesabiwa huanza kufanya kazi ya kuhesabu siku.

Sisi wa Tana tunalijua hili vizuri. Njia ya mifugo kwenda mtoni, malka, hailindwi na ukuta. Inalindwa na wazee wa wakulima na wafugaji waliokaa chini wakaelewana. Wasipoketi, au neno likivunjwa, mto ni uleule na maji ni yaleyale, lakini watu wanaumizana.

Kwa hivyo serikali ilipe deni lote, hilo halina mjadala. Ila shilingi zikiingia kwa akaunti na bosi akabaki yuleyule wa kuficha ratiba, tusitarajie miujiza. Kumwita mhadhiri kwenye kikao, kumsikiliza, kumpa taarifa kabla ya mwanafunzi wake, hayo yote hayahitaji bajeti kutoka Nairobi.

Viongozi wa wanafunzi, mkikaa na wakuu wa vyuo, msiulize tu kuhusu karo na hosteli. Ulizeni pia: wahadhiri wetu mnawatendeaje? Kwa sababu kinachompata mhadhiri ofisini saa mbili, sisi tunakipokea darasani saa nne.