Kwihara: Hii Nyumba ni ya Nani Hasa?

Ndugu msomaji, ukifika Tabora usiishie mjini. Toka kama kilomita 6 hivi hadi Kwihara. Huko kuna nyumba ya udongo mwekundu ambayo kila mtu anaiita Tembe la Livingstone.

Nina ugomvi na hilo jina. Livingstone alikuwa mgeni tu! Alifika pale na Stanley Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley akarudi pwani Machi, mzee akabaki kungoja wapagazi hadi Agosti 25. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sisi tumempa nyumba.

Hebu itazame nyumba yenyewe. Kuta nene za udongo, paa bapa la miti na udongo, vyumba kuzunguka ua. Huo ni ujenzi wa bara. Matembe walijenga Wagogo, wakajenga Wanyamwezi. Mlango je? Mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Unguja, ladha ya Waarabu waliohamia Unyanyembe kufuata pembe za ndovu na watumwa.

Na mtaji? Nguo na shanga za misafara zilitoka kwa mkopo wa Wahindi wa Unguja. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ndiyo iliyokusanya ushuru wa Sultani kwa miaka mingi. Hata hapa Tabora, Speke alipofika mwaka 1861 alimkuta Musa Mzuri, mfanyabiashara mzaliwa wa Surat.

Basi ukuta wa bara, mlango wa pwani, mkopo wa Kihindi. Na vyote vilisafiri juu ya mabega ya watu. Wengine walilipwa ujira, wengine walikuwa kwenye minyororo.

Hapo ndipo panaponiuma. Marehemu bibi alikuwa akituambia babu yake alibeba mizigo hadi Bagamoyo. Jina lake halimo kwenye kibao chochote. Mwaka 1873 mwili wa Livingstone nao ulipita Unyanyembe, umebebwa na akina Susi na Chuma. Hao wawili angalau tunawajua. Wenzao je?

Sisemi tumfukuze mzee wa watu. Barua na ramani zake zibaki. Ila kibao kikiandikwa upya, naomba mstari mmoja tu kwa waliobeba.

Au nadai makubwa?