ZAMU YA USIKU, sehemu ya 14: Dogo na lugha yake

Leo mgonjwa hayumo. Namzungumzia mdogo wangu.

Dogo anasoma mambo ya kompyuta. Mwaka jana alitengeneza lugha yake ya programu, unaiagiza kompyuta kwa maneno ya Kiswahili: kama, rudia, andika. Nilifurahi mpaka nikawaonesha wenzangu wodini, nikaposti na huku. Wiki iliyopita akanipigia: "Dada, si huwa unahariri Wikipedia ya Kiswahili? Niwekee makala ya lugha yangu. Mistari mitano tu."

Ada yake nalipa mimi, mistari mitano ningemnyimaje? Lakini nilipokaa kuandika, mkono ukagoma.

Wodini kwetu morfini inakaa kwenye kabati la kufuli. Ukitoa dozi unaandika daftarini, na mwenzako anahakiki na kusaini pembeni. Siyo kwamba wewe ni mwizi. Ni kwamba sahihi yako peke yako haitoshi. Kamusi elezo nayo ni hivyo hivyo. Haiulizi kama lugha ni nzuri, wala kama mwenyewe ana bidii. Inauliza nani mwingine, asiyehusika, ameieleza kwa kina kwenye kitabu, jarida au gazeti la kuaminika. Nikatafuta. Nikakuta ukurasa wa dogo, video ya dogo, na posti yangu mimi dada yake. Basi.

Akasema, "Kwani ni kwa sababu haijulikani?" Hapana. Nikampa mfano wa MUMPS. Wengi wenu hamjawahi kuisikia. Ilizaliwa hospitalini, Massachusetts General kule Boston, miaka ya 1960, kwa ajili ya kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 1977 ANSI wakaipa kiwango rasmi cha Marekani, na VistA, mfumo wa hospitali za askari wastaafu wa huko, umejengwa kwa lugha hiyo. Mtaani haina jina, lakini watu wasiohusika nayo wameiandikia vitabu. Makala inastahili.

Hapo dogo akanibana: "Dada, si wewe husema kisichoandikwa hakijafanyika? Sasa kazi zetu za Kiswahili nani ataanza kuziandika?"

Nilinyamaza. Ni kweli, kwa Kiswahili mashahidi wa kuandika ni wachache, na hilo siyo kosa lake. Lakini dawa ya uhaba wa mashahidi siyo dada kusaini mara mbili. Nikamwambia aandike maelezo mazuri ya matumizi, aiweke wazi watu waijaribu, asubiri wageni waseme. Mwaka 2011 hata Nemerle, iliyotoka chuo kikuu cha Wrocław, Poland, ilijadiliwa kufutwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa hoja hiyo hiyo ya vyanzo. Leo ukiitafuta utaikuta.

Akajibu "sawa". Nyie mnaijua "sawa" ya aina hiyo. Mpaka leo hajapiga simu.

Kama kuna mwalimu wa kompyuta humu anayetaka kuijaribu na wanafunzi, aniambie nimuunganishe na dogo. Akiona inafaa aandike, akiona mbovu aandike pia. Ila asiandike kwa kunifurahisha mimi.

Naingia zamu. Tuonane sehemu ya 15.