Sahani ya Vikombe Vinne

Mitamba ya shamba la Kikulula walipofika kijijini kwetu Nyaishozi, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walikuja kutazama viwele. Tulizoea ng'ombe wa Ankole, pembe ndefu na maziwa haba. Hawa walikuwa chotara wa Friesian, wa mpango wa mifugo wa KALIDEP uliofadhiliwa na Waholanzi: unakopa mtamba, unalipa mtamba. Walikaa bandani na kulishwa majani ya tembo. Zamani kukamua ilikuwa kazi ya wanaume. Kwa ng'ombe hawa kazi ikawa yetu wanawake.

Banda ndilo lililoleta balaa. Mvua ilipokaza, ng'ombe walilala kwenye samadi, chuchu zikashinda topeni. Ng'ombe wa jirani yangu alivimba robo moja ya kiwele, maziwa yakatoka mabonge, kisha maji yenye damu. Alipona, ila robo ile haikutoa tena hata tone. Wazee walisema ni jicho la watu.

Bwana mifugo alikuja na sahani nyeupe yenye vikombe vinne, kipimo kilichobuniwa California mwaka 1957. Alikamulia kila chuchu kikombe chake, akaongeza dawa mfano wa sabuni, akazungusha. Maziwa ya ng'ombe wangu, meupe kabisa, ambayo watoto walikuwa wameyanywa asubuhi ile, yakawa mazito kama ute katika vikombe viwili. Nilisisimka mwili. Kiwele kilikuwa laini na ng'ombe alikula vizuri, kumbe ugonjwa wa kiwele ulikuwa ukitunyang'anya maziwa kimyakimya.

Tangu hapo, kabla ya kukamua ninanawa kwa sabuni, na kila ng'ombe ana kitambaa chake. Mgonjwa hukamuliwa mwisho. Nikimaliza natupia majani horini ili asimame, maana tundu la chuchu hukawia kufunga. Ndama namwachia anyonye yaliyobaki, kama walivyofanya wazee. Utafiti nao umewaunga mkono.

Gumu zaidi lilikuwa kumtoa ng'ombe anayerudiwa na ugonjwa. Vijidudu vingine hujificha ndani ya nyama ya kiwele, dawa isivifikie, na mikono ya mkamuaji huvipeleka kwa wengine. Jirani alilia, lakini mpango ulipomruhusu alimuuza wake buchani, na deni akalilipa kwa ndama jike aliyemwacha.