Lenzi ya Bei Nafuu kwa Samaki Wadogo

Matumbawe ni mali ya bahari. Ziwa Viktoria halina. Lakini sisi wakazi wa Port Bell tunaye nkejje, samaki mdogo atoshaye kiganjani, nami huwafuga sebuleni katika tangi la kioo ili niwapige picha. Si mchezo huo. Sangara aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliwala hawa wadogo, hata kufikia miaka ya 1980 aina zao nyingi zilikuwa zimetoweka. Napenda wanangu wabakiwe na sura za waliosalia.

Lenzi maalumu ya milimita 100 ni njema, ila bei yake ni karo ya muhula. Mke wangu alisema karo kwanza, na neno lake halikuwa na jibu. Nikachagua lenzi kuukuu ya milimita 50 pamoja na pete za kurefushia, zinazotiwa baina ya lenzi na kamera. Ndani yake hamna kioo, ni uwazi mtupu; ndiyo maana ni rahisi. Zikitimia milimita 50, sura ya samaki ndani ya kamera hulingana na samaki mwenyewe.

Hasara zake? Nuru hupungua mara nne, na yakupasa kumsogelea samaki mno. Akirudi nyuma ya tangi, humpati. Mimi hutumbukiza majini kipande kingine cha kioo, nikamweka kwa upole karibu na upande wa mbele, kisha huzima taa ya sebule na kuiacha ya tangi. Kamera na ikikabili kioo sawasawa. Ikienda mshazari, magamba hufifia.