Tanki likimwagika usiku

Mama zangu, hapa Lubumbashi wengi wetu maji ya robine yanakuja usiku, wakati watu wamelala. Tanki likimwagika, hakuna anayeona. Asubuhi tunakuta matope, na kila mtu anasema lake.

Tanki la parseli yetu ni la lita 1000, liko juu ya matofali. Mwezi wa saba, mvua iko mbali, chini yake palikuwa matope kila siku. Maji yalielekea kwenye ukuta wa mama mjane anayelala na wajukuu watatu, katika nyumba ya matofali mabichi. Mnajua tofali bichi likilowa linakuwaje. Fundi aliyeitwa alitazama dakika mbili, akasema tanki limepasuka, linunuliwe lingine, kila mpangaji achange. Na Septemba ilikuwa inakaribia, makuta ya masomo bado hayajapatikana.

Darasani kwangu mtoto haleti jibu bila kuonyesha hesabu. Nilimwomba mwenye parseli atupe siku tatu.

Tanki lililopasuka halibaki limejaa. Maji yanashuka mpaka kwenye ufa. Asubuhi, kabla mtu hajachota, tulipanda tukakuta maji yamefika kwenye lile bomba la juu la kumwagia. Kesho yake vilevile. Basi tanki ni zima, ila maji yanaingia bila kusimama.

Kazi ya kuyasimamisha ni ya floteri, lile tufe la plastiki linaloelea. Maji yakipanda, tufe linapanda, na mkono wake unasukuma kauchu ndogo izibe tundu. Usiku wa pili, saa sita, mdogo wangu alishika tochi, mimi nikainua ule mkono mpaka juu. Kama maji yangesimama, ningejua tufe limetoboka na kujaa maji, au mkono umepinda. Hayakusimama. Yaliendelea kutoka kama uzi. Tufe tulilitikisa, halikuwa na maji ndani. Ilibaki kauchu.

Nilipoweka bidoni ya lita 20 chini ya bomba la kumwagia, ilijaa kwa dakika kumi. Toka saa tano mpaka saa kumi ya usiku ni bidoni 30. Mama anayenunua maji kwa bidoni ajifanyie hesabu mwenyewe.

Asubuhi tulifunga robine kubwa, tukafungua floteri. Kauchu ilikuwa imechimbika katikati, na chembe ya mchanga mwekundu imekaa humo. Mpya tulipata sokoni kwa makuta ya mkate.

Wenye pompi ya kisima, ninyi angalieni kwanza matope yanatokea siku gani. Yakitokea siku ya pompi tu, mara nyingi bomba lake linaingia tankini peke yake, bila floteri, na pompi haizimwi kwa wakati. Na mdomo wa bomba la kumwagia ufungeni kwa wavu, mbu wasiingie kuzaa humo.

Ukuta wa mama yule ulikuwa umekwisha kuliwa chini, upana wa kiganja. Wapangaji wanne, badala ya mchango wa tanki, tulinunua matofali ya kuchoma na mfuko mmoja wa simenti. Kazi iliisha mwezi wa kumi, kabla ya mvua kubwa.