Kijitabu cha Mfukoni

Kitengela

Mwanangu,

Baba yako amenipigia simu kuniambia umefanywa meneja wa shamba la maua huko Isinya. Nimefurahi hadi machozi yakanitoka. Kisha nikachukua kalamu, maana shamba la maua nalijua kwa upande wa mvunaji.

Nilipokuwa nikikata waridi kwenye shamba moja kando ya barabara ya Namanga, msimamizi wetu alikuwa na kijitabu chenye jalada jekundu, hakitoki mfukoni mwa shati. Humo ndimo aliandika nani ataongezewa kandarasi, nani atapata ovataimu. Hakuna mwingine aliyekisoma. Jioni moja aliniambia nibaki nyuma wenzangu wakipanda basi. Nilikataa. Jumatatu akasimama langoni kusoma majina, langu halikuwemo. Hakunigusa, hakunitukana, alifunga kijitabu, akakirudisha mfukoni. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na kodi ya mwezi huo ililipwa na baba yako. Sijui kama aliwahi kukwambia.

Kwa hivyo usianze kwa kuwahubiria wasimamizi wako adabu. Anza na kijitabu. Mwaka wa 2023 wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai nchini walieleza BBC jinsi wakubwa wao walivyowanyanyasa kingono; kazi ilikuwa haba, na waliokuwa wakiigawa ni wakubwa hao hao. Mtu mmoja asiachiwe riziki ya mwenzake mkononi. Zamu zibandikwe ukutani, ovataimu izunguke, kandarasi ziamuliwe na watu kadhaa, mwakilishi wa wafanyakazi akiwemo, na anayeachwa aambiwe sababu.

Mtu akilalamika, nakusihi, usimhamishe yeye kwenda kupalilia eti umemwepusha na shari. Hiyo ni adhabu. Wenzake wataiona, na hutasikia lalamiko jingine tena, ukadhani shamba limetulia.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana nao, na kumfikishia kila mmoja. Sera hiyo iseme lalamiko linapelekwa wapi, na kwamba jina la mlalamishi halitatajwa ila pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Uliza yenu iko wapi. Ikiwa imefungiwa kwenye faili kwa Kiingereza, isomwe kwa sauti bandani, kwa Kiswahili na Kimaasai, kabla watu hawajashika makasi.

Siku mtakayobandika zamu, nipigie picha ukuta huo unitumie. Nataka kuyasoma majina yote.

Shangazi yako