Mzazi wa Masika Hahitaji Godoro Kavu Tu



Masika yameingia tena, na kila mtu anautazama mtaro wa mlangoni kwake. Mimi leo naomba tumtazame mzazi, yule aliyejifungua juzi na maji yakamkuta kitandani.

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kikielekea Mafia na boti za Dar zimesitishwa, wifi yangu alikuwa na mtoto wa siku 11. Maji yalimwingilia chumbani usiku. Tukamhamishia kwangu, chumba ninachoshonea, baina ya cherehani na mafurushi ya vitambaa. Mama yake alikuwa Dar, hawezi kuvuka. Hapakuwa na wa kumkanda maji ya moto wala wa kumpokea mtoto alfajiri. Arobaini yake ikavurugika.

Watu walikuja, Allah awalipe. Walileta mchele, khanga, godoro. Na kila aliyeingia alimwambia: "Mshukuru Mungu mko hai." Naye anaitikia alhamdulillah, uso umekauka. Siku ya nne akaninong'oneza: "Wifi, nikimtazama mtoto sihisi kitu. Mvua ikipiga bati natamani nisingekuwepo."

Nikakumbuka Sura Maryam. Bibi Maryam, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, alitamani angekufa kabla ya siku ile. Mwanamke mteule! Na hakuambiwa imani yake ndogo. Aliambiwa asihuzunike. Akapewa maji, akapewa tende, ale, anywe, atulize moyo. Na watu wakimjia, asiwe na jukumu la kuwajibu.

Basi nasi tukafuata njia hiyo. Mlango wa wageni nikaufunga. Akala chakula cha moto, akalala saa nne mfululizo mtoto akiwa mgongoni kwangu. Asubuhi nikampeleka kliniki ya mama na mtoto, nikamwambia muuguzi maneno yale yale bila kuyapamba. Akamwita daktari. Wifi akasikilizwa, akapangiwa siku za kurudi.

Najua hapa kwetu ukitaja akili, watu wanawaza Kidongo Chekundu, na aibu inafunga midomo. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema takriban wanawake 13 katika kila 100 waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona, na katika nchi kama zetu ni wengi zaidi. Hapo mafuriko hayajahesabiwa.

Kulialia siku za mwanzo huwapata wengi na kupita. Ikizidi wiki 2, usingoje. Na mzazi akisema anatamani kufa, au anasikia sauti zisizokuwepo, ni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Wifi hakupona kwa wiki moja. Ilichukua miezi. Siku moja nilimsikia akimwimbia mtoto huku akimwogesha, nikaacha kushona nisikilize.

Kwa hiyo mtaa wako ukijaa maji, ulizeni mapema: nani ana mtoto mchanga? Mpeni pembe yenye pazia, mtu mmoja wa kukaa naye usiku, na sikio lisilomhukumu. Mchele upelekeni pia.

Mola awahifadhi wazazi wetu na watoto wao, na mvua hizi zije na kheri. Amin.